Unataka kujifunza Kikrioli cha Shelisheli? Pitia mlango wa Kiswahili

Ukipata kazi Shelisheli, au umeoa huko, au umeisikia tu ile lugha mahali ikakuingia, kitu cha kwanza watu watakachokushauri ni ujifunze Kifaransa kwanza alafu Kikrioli kitakuja chenyewe. Mi niliufuata huo ushauri. Miezi mitatu nzima niko na daftari la Kifaransa nakariri vitenzi vinavyobadilika kwa kila mtu, na ile habari ya neno hili la kiume lile la kike, nikatua Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, na mkataba wangu wa kazi nikakuta karibu vyote nilivyokariri havina pa kutumika. Hakuna kiume hakuna kike. Kitenzi hakibadiliki kufuata mtu. Na kibaya zaidi nikiongea kile Kifaransa changu watu wananijibu kwa Kiingereza, kwa adabu kabisa, na maongezi yanaishia hapo.

Kilichonisaidia ni kuacha kukitazama Kikrioli kama mtoto wa Kifaransa na kuanza kukipanga kwa sarufi niliyokua nayo. Maneno mengi yametoka Ufaransa, hilo halina ubishi, ila namna sentensi inavyosimama, wewe unayesema nimekula, ninakula, nitakula, mlango uko wazi kabla hata hujabisha hodi. Hii ndo njia nnayotaka kukuonyesha, na ntaongelea zaidi Shelisheli, alafu mwishoni niguse Morisi manake hizo lugha mbili ni ndugu wa tumbo moja.

Kabla ya neno la kwanza, jua hawa watu walifikaje pale

Tafadhali usiruke hapa. Ukijifunza Kikrioli bila kujua kilizaliwaje utakuja kusema maneno yanayoumiza watu na wala hutojua umewaumiza.

Wazungu walipofika Shelisheli hawakukuta wenyeji. Wafaransa waliweka jiwe lao la kumiliki pale Mahé mwaka 1756, na watu wa kwanza kuja kukaa walishuka kisiwa cha Sainte Anne mwezi Agosti 1770, hata 30 hawafiki, wazungu 15, watumwa 7, Wahindi 5 na mwanamke mmoja Mwafrika. Baada ya hapo wenye mashamba wakawa wanakuja kutoka Morisi na Réunion pamoja na watumwa wao, na wengine wakaendelea kuletwa kutoka Madagaska na kutoka huku kwetu upande wa mashariki wa Afrika, Wamakua, Wayao na wengine wengi. Sasa piga picha shamba moja, watu wa lugha tano tofauti, mwenye shamba anaongea Kifaransa cha mabaharia na wakulima wa karne ya 18 ambacho sio kile cha vitabuni, na hawa waliotekwa inabidi waelewane leo leo, nani ana maji, nani anaumwa, nani wa kuaminika. Wakachukua maneno yaliyokuwepo wakayajengea nyumba yao wenyewe. Watoto waliozaliwa pale wakaikuta ile ndo lugha ya mama.

Waingereza wakavichukua visiwa rasmi kwa mkataba wa Paris wa 1814, ila maisha ya kila siku yakaendelea kwa Kifaransa na Kikrioli. Utumwa ukafutwa mwaka 1835. Lakini hadithi haikuishia hapo, na hii sehemu ndo inatugusa sisi moja kwa moja. Kuanzia 1861 meli za kivita za Uingereza zilizokuwa zinakamata majahazi ya watumwa huku baharini zikawa zinawashusha waliookolewa pale Mahé, zaidi ya watu 2,000 ndani ya miaka kumi na kitu. Yaani mtu katekwa bara, kapitishwa pwani, kaokolewa baharini, na bado hakurudishwa kwao. Baadhi ya watoto wao walisomeshwa Venn's Town, shule ya wamisionari huko juu Sans Souci, ilikuwepo 1876 mpaka 1889. Magofu yake yapo. Ukipata siku ya mapumziko panda uende, kuna kuta fupi za mawe zimeota majani, kuna njia yenye miti mikubwa kila upande, kuna ukungu, na ukisimama pale huku unajua Kiswahili unaanza kuwaza hivi hawa watoto usiku walikuwa wanaongea lugha gani wakiwa peke yao.

Kitu kimoja walichobaki nacho nakijua. Ukisikiliza hadithi za wazee wa Shelisheli utakutana na mjanja mmoja anaitwa Soungoula, anawadanganya wakubwa, anawazidi akili wenye nguvu. Lisome hilo jina kwa sauti. Ni sungura. Visiwani sungura wa porini hakuna, kwa hiyo wapo wanaomchora kama nyani au kama mtu tu, mnyama alipotea njiani ila jina na tabia vimefika salama. Na kuna chombo cha muziki cha zamani wanakiita zez, cha kibuyu na uzi, ambacho wewe ukikiona utasema si zeze hili.

Neno la kufuta kichwani: "Kifaransa kibovu"

Utalisikia sana, na ntakuambia ukweli hata baadhi ya wenyewe wanalisema, hasa watu wazima waliosoma wakati Kikrioli shuleni hakithaminiwi kabisa. Usilirudie. Sisi tunaijua hii dharau, kuna watu mpaka leo wakisikia kitabu, habari, dakika basi wanatangaza kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganywa, wakati mwenye lugha anajua mifupa yake ni ya Kibantu. Kiswahili sio krioli, yaani lugha iliyozaliwa na watu wa lugha tofauti waliolazimika kuelewana, historia yake ni nyingine, ila dharau ni ileile: wanaangalia maneno yametoka wapi, hawaangalii nani ameyapanga.

Shelisheli ilipata uhuru 29 Juni 1976, na mwaka 1981 Kikrioli kikafanywa lugha rasmi, 1982 kikaingia shule za msingi kama lugha ya kufundishia. Katiba ya 1993 inataja lugha tatu za taifa, Kikrioli, Kiingereza na Kifaransa, na Kikrioli ndo kimetajwa kwanza. Kwa hiyo ukiita kibovu unaongelea lugha iliyomo kwenye katiba ya watu.

Kusoma na kutamka

Hapa utafurahi. Kikrioli kinaandikwa kinavyotamkwa, kama sisi, hamna zile herufi za bure za Kifaransa. Sheria zenyewe ni chache: ile ch ya Kifaransa, inayosikika kama sh yetu, imekuwa s, na j yao imekuwa z, kwa hiyo chanter, kuimba, ni sante, na jour, siku, ni zour. Ile u yao ya kubana midomo imekuwa i, kwa hiyo du riz ni diri, wali au mchele. Herufi ou ndo u yetu, soma "nou" kama nu.

Kitu kitakachokusumbua ni n. Ikikaa mwishoni baada ya irabu haigongwi kwa ulimi, inapita puani tu, mon, bon, zanfan. Ukiona nn mbili, kama bann au konnen, hapo n inasikika. Jirekodi kwenye simu unasema mon mara ishirini, alafu sikiliza, utajishtukia mwenyewe unasema moni. Mi ilinichukua wiki mbili kuiacha hiyo i ya mwishoni, midomo yetu imezoea kufunga neno kwa irabu.

Injini ya lugha: watu watano na vialama vitano

Watu ni hawa: mon ni mimi, ou ni wewe, i ni yeye, nou ni sisi, zot ni nyinyi na pia ni wao. Basi.

Sasa chukua kitenzi manze, kula. Hakibadiliki kwa sababu ya mtu wala wakati. Kinachobadilika ni kialama cha katikati, na hapa ndo nataka utulie usome taratibu.

Mon pe manze, ninakula.
Mon ti manze, nilikula.
Mon'n manze, nimekula.
Mon pou manze, nitakula, nimeshaamua.
Mon ava manze, au kwa kifupi mon a manze, nitakula, Mungu akijalia.

Umeona? Mtu, alafu wakati, alafu kitenzi. Ni-na-kula. Mon pe manze. Mpangilio uleule, tofauti ni kwamba sisi tunaviandika vimeshikana wao wanaviandika vimeachana. Mfaransa anayejifunza Kikrioli inabidi abomoe kwanza alichonacho, wewe unabadilisha tu vipande, na = pe, li = ti, me = 'n, ta = pou au ava.

Na kuna jambo lilinifanya nisilale vizuri siku nililoligundua. Hicho ti kimetoka kwenye était, yaani "alikuwa". 'N ni kifupi cha fin, kutoka kwenye neno la kumaliza. Ava imetoka kwenye va, "anaenda". Mtu wa dharau atasema ona, wamekata vitenzi vya Kifaransa vipande vipande. Haya njoo kwenye Kiswahili. -li- yetu ni kile kitenzi cha zamani cha kuwa, ndo maana tunasema "aliye". -ta- imetoka kwenye taka, mtu akitaka kuja ndo atakuja. Na -me- wanaisimu wanaifuatilia mpaka kwenye mala, kumaliza. Yaani tulifanya kilekile, sisi taratibu kwa karne nyingi na wao kwa miaka michache na shida kibao kichwani. Lugha zote hujengwa hivo. Ukilielewa hilo hutaona tena kitu kilichokatika, utaona ufundi.

Vialama vinapandana pia. Mon ti pe manze, nilikuwa ninakula. Na kuna fek, mon fek manze, nimekula sasa hivi, ndo kwanza nimemaliza, hiyo utaitumia sana manake ukitembelea nyumba ya watu hawaachi kukukaribisha.

Kukanusha ni rahisi kuliko kwetu, weka pa mbele ya vialama, mon pa manze, mon pa pe manze, mon pa ti manze. Hamna ile sarakasi yetu ya si, hu, ha, hatu.

Alafu kuna i. Ukisema "yule mtoto anaumwa" kwa Kikrioli ni sa zanfan i malad. Sa zanfan ni huyo mtoto, malad ni kuumwa, na hiyo i katikati? Asili yake ni il ya Kifaransa, "yeye". Lakini mtoto umeshamtaja, kwa nini umrudie? Mswahili hashangai, sisi pia tunasema mtoto a-naumwa, a ya nini wakati mtoto umeshamtaja. Sa madanm i pe sante, huyu mama a-naimba. Wataalamu bado wanavutana kama hiyo ni mkono wa lugha za Kibantu au ni Kifaransa cha mtaani cha zama zile, mi sio mtaalamu sitaamua, ila wewe mwanafunzi unayeongea Kiswahili fanya hivi: kila ukitaja jina la mtu au kitu wakati uliopo, jiulize kwa Kiswahili ningeweka a- au i-? Weka i. Makosa yatapungua siku hiyohiyo.

Kosa ambalo Kiswahili hakitakuokoa ni urefu wa kitenzi. Vitenzi vingine vina sura ndefu na fupi: mon pe manze, ninakula, kimya, lakini mon pe manz diri, ninakula wali. Kikifuatwa na kitu kinachofanyiwa kitendo kinafupika. Zot pe sante, wanaimba, zot pe sant moutya, wanaimba moutya, ile ngoma ya huko ntakayoieleza mbele. Usijaribu kukariri orodha, sikiliza tu, baada ya mwezi sikio lenyewe litakataa ukikosea.

Majina ya vitu na ile la iliyoganda

Nyumba ni lakaz. Mvua ni lapli, kichwa ni latet, maji ni delo, moto ni dife, ndege wa angani ni zwazo, sikio ni zorey, nyota ni zetwal. Anayejua Kifaransa ataona la, de, les zimegandia kwenye neno, les oiseaux imekuwa zwazo. Na hizo la na z siku hizi hazina kazi ya kisarufi, ni sehemu ya neno, ukisema nyumba yangu ni mon lakaz, ndege mmoja ni en zwazo.

Ujue sisi tulifanya hivohivo ila kwa upande wa pili. Waarabu walisema kitab, neno moja lisilo na kiambishi, sisi tukasikia ki- tukasema aha, basi wingi ni vitabu. Kipilefti cha barabarani wingi vipilefti. Sikio la Kibantu lilisikia kiambishi pasipo na kiambishi, na sikio la mtumwa wa Mahé halikusikia kiambishi palipokuwa nacho. Kwa hiyo ukikutana na neno jipya lisome zima kama lilivyo, usijaribu kulikwangua la yake.

Wingi unaweka bann mbele, bann zanfan ni watoto, bann zwazo ni ndege wengi. Ngeli hakuna, furahia.

Maneno ya siku ya kwanza

Bonzour ni salamu ya lazima, hata ukiingia kwenye basi, usianze kuuliza kitu kabla ya bonzour, ni kama kwetu kumvaa mtu bila hata "habari yako". Baada yake ki mannyer? yaani hali vipi, na unajibu byen mersi, e ou? Kot ou sorti, umetokea wapi. Mon pa konpran, sijaelewa. Konbyen sa, hii bei gani. Donn mwan, nipe, ambayo ukiongeza silvouple inakuwa ya heshima. Ki ou pe fer, unafanya nini. Oli ou, uko wapi. Wakubwa waite Msye, bwana, na Madanm, mama.

Na hapa nikuambie kisa changu. Kabla sijasafiri nilikuwa naangalia sana klipu za Wamorisi, zipo nyingi mtandaoni, na kwa Wamorisi "to" ni wewe ya marafiki. Nikafika soko la Victoria, mama mmoja mtu mzima anauza matunda, nimejiandaa vizuri na bonzour yangu na tabasamu, nikamuuliza "to ena friyapen?" Friyapen ni lile tunda kubwa la kijani la kuchoma au kukaanga. Yule mama akaacha kupanga matunda. Akaniangalia, akasema polepole, "Isi nou dir ou." Hapa sisi tunasema ou. Hakufoka wala nini, ila niliona uso wake. Shelisheli kumwambia mtu "to" ni kumshusha, kwao ou ni ya kila mtu, mtoto, bosi, bibi. Nikaomba radhi. Kwa hiyo ukijifunzia klipu, hakikisha kwanza anayeongea ni wa kisiwa gani.

Namna ya kujizoesha

Sikuwekei ratiba ya siku thelathini, kila mtu na kazi zake, ila kuna vitu vitatu vilivyonifaa kuliko vyote.

Redio kwanza. SBC, shirika la utangazaji la Shelisheli, wana idhaa inaitwa Radyo Sesel, inasikika mtandaoni popote ulipo, weka asubuhi wakati unajiandaa. Wiki ya kwanza usijaribu kuelewa, hesabu tu umesikia ti ngapi na pe ngapi. Wiki ya pili shika sentensi moja tu, iandike unavyoisikia, alafu ikate kwa vyumba vya Kiswahili, mtu, wakati, kitenzi. Gazeti la Nation nalo linatoa habari za Kikrioli humohumo na za Kiingereza, chukua aya moja uisome kwa sauti hata kama huelewi, manake herufi hazikudanganyi.

Pili, tafsiri kutoka Kiswahili, usipitie Kiingereza. Hili naliwekea mkazo kabisa. Andika shajara ya mistari mitatu kila usiku, leo nimefanya nini, kesho nitafanya nini. Leo nimeamka mapema, kesho nitaenda baharini. Ukipitia Kiingereza unapoteza ile tofauti ya -me- na -li- ambayo ndo hasa tofauti ya 'n na ti.

Tatu, nenda kwenye ngoma. Moutya ni ngoma ya watumwa, ilichezwa usiku mbali na nyumba ya mwenye shamba, wakoloni waliibana, na Desemba 2021 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Ngoma zake ni pana za ngozi ya mbuzi na kabla ya kupigwa zinapashwa kwenye moto mpaka ngozi ikaze, na unakaa pale unasubiri, anapiga kidogo kwa vidole, anasikiliza, anairudisha motoni. Kule kusubiri ndo darasa lenyewe, watu wanaongea, wanataniana, hawaongei taratibu kwa ajili yako, na mashairi yanaitwa na kuitikiwa kwa hiyo ukikosa mstari mara ya kwanza utaurudia na kundi zima. Kama huwezi kufika, mwezi Oktoba kuna Festival Kreol, vidio zake tafuta. Na ukiwa Mahé Lenstiti Kreol wapo, ilianzishwa miaka ya 1980, kazi yao ni hii hii lugha.

Kuhusu kumuita mtu Krioli

Shelisheli neno Kreol halina shida, karibu kila mtu ni Kreol, ni lugha, ni chakula, ni watu, ni fahari. Ukivuka kwenda Morisi kuwa makini. Kule lugha ya Kikrioli inaongewa na karibu kila mtu, wakiwemo wajukuu wa Wahindi walioletwa kwa mikataba ya mashambani kuanzia 1834, lakini ukisema "Wakrioli" kwa maana ya watu, unaongelea jamii moja, hasa wenye asili ya Afrika na Madagaska, ambao kwa mda mrefu wamekaa pembeni kwenye siasa na uchumi. Kwa hiyo kumuuliza mtu wewe Krioli? unaweza kuwa umeuliza kabila lake huku unadhani umeuliza lugha. Uliza lugha. Mwenyewe akitaka kukueleza ukoo wake atakueleza.

Na visiwa vyote viwili utakutana na Wachagosi, waliotolewa visiwani kwao Chagos na Waingereza kati ya 1968 na 1973 ili kisiwa chao cha Diego Garcia kiwe kambi ya jeshi la Marekani. Wana Kikrioli chao. Ukimuuliza mzee kot ou sorti na akanyamaza kidogo kabla ya kujibu, mpe nafasi.

Ukihamia Morisi

Injini ni ileile, badilisha vipuri. Mon inakuwa mo, i inakuwa li, na ile i ya sa zanfan i malad inaondoka, wanasema zanfan-la malad, yaani kile cha kuonyesha kinakaa nyuma, mtoto huyu, kama sisi. 'N utaisikia pia kama finn. Annan, kuwa na, inakuwa ena. Tahajia rasmi ilitoka 2011 na mwaka 2012 lugha ikaanza kufundishwa shule za msingi kama somo la hiari, na kuna kamusi nzuri ya Arnaud Carpooran, Diksioner Morisien ya 2009, inayoeleza Kikrioli kwa Kikrioli. Kama unataka kuwashangaza wazee, mmoja akisema sirandann? we jibu sanpek! Ni kitendawili, tega. Akisema dilo dibout, maji yaliyosimama, jibu ni kann, muwa. Dilo pandan, maji yanayoning'inia? Hilo umeshalijua, ni nazi.

Nimalizie na yule mama wa sokoni. Nilirudi kwake wiki iliyofuata, bonzour Madanm, ki mannyer, ou annan friyapen? Akacheka. Nikamwambia kwa Kikrioli changu cha kuokoteza kwamba kwetu hili tunda tunaliita shelisheli, jina la nchi yenu, hakuamini, akamuita na mwenzake wa meza ya pili aje asikie. Akanichagulia moja lililokomaa, akanieleza kwamba kwao wanasema ukishakula friyapen ya Shelisheli utakuja tena tu. Wakati nalipa akasema, "Ou a retournen." Ikate mwenyewe: ou, u. A, ta. Retournen, rudi.